Taasisi ya Hisani ya Familia: Mambo ya Kukubaliana Kabla ya Fedha Kufika Kijijini

Familia nyingi za Tanzania ambazo watoto wake wamesoma, wakapata kazi na kutawanyika mijini na ng'ambo hufika mahali ambapo misaada ya mmoja mmoja, kama vile ada ya mtoto wa shangazi, mabati ya kanisa au msikiti na nauli ya mgonjwa aliyepewa rufaa, huonekana kuwa mingi, ya kurudiarudia na isiyojumlishwa na mtu yeyote, ndipo linapozuka wazo la kuikusanya nguvu hiyo katika taasisi moja yenye jina, mara nyingi jina la mzazi aliyefariki. Taasisi ya hisani, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni chombo chenye nafsi yake kisheria, yaani kinachoweza kumiliki mali, kufungua akaunti, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake chenyewe, na ambacho fedha zake haziwezi kugawanywa kwa waanzilishi kama faida. Kuandikisha chombo cha namna hiyo si kazi ngumu. Kilicho kigumu ni kwamba taasisi ya familia hutofautiana na mashirika mengine kwa jambo moja kubwa: anayetoa na anayepokea wanajuana, wameoana, wamezikana, na pengine bado wana kesi ya mpaka wa shamba kwenye baraza la ardhi. Ushauri mwingi unaofuata hapa unatokana na ukweli huo, kwa kuwa taratibu zinazomfaa mfadhili mgeni huweza kumvunjia heshima mtu wa nyumbani, na huruma inayotarajiwa kwa mtu wa nyumbani huweza kuua taasisi kabla haijatimiza miaka mitatu.

Jambo lenyewe si geni katika Afrika Mashariki. Mwambao na visiwa vimekuwa na wakfu kwa karne nyingi, nao ni utaratibu wa sheria ya Kiislamu ambao mtu huifunga mali yake, kwa mfano nyumba au shamba la minazi, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, ili mapato yake yatumike kwa jambo alilolitaja, likiwa la kheri ya umma kama msikiti na kisima, au la kizazi chake mwenyewe. Wakfu humtaja msimamizi, na kwa kawaida hueleza pia nani atamfuata msimamizi huyo akifa. Zanzibar mali za aina hiyo zina chombo chake cha serikali, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Bara nako, wakati shule za sekondari za serikali zilipokuwa chache mno katika miaka ya 1980, wenyeji wa Kilimanjaro, Kagera na Njombe waliokuwa kazini mijini walichangishana kupitia mifuko ya maendeleo ya wilaya zao wakajenga shule. Mafunzo mawili ya zamani yanastahili kubebwa na familia ya leo: wakfu unafundisha kutenganisha mtaji na mapato, na mifuko ya wilaya inafundisha kwamba jengo huishi muda mrefu kuliko ari ya waliolijenga, kwa hiyo mtu wa kulitunza anapaswa kujulikana kabla ya msingi kuchimbwa.

Kikao cha kwanza cha familia kinapaswa kujibu maswali ya fedha kabla ya maswali ya jina na nembo, ingawa uzoefu wa vikao hivyo ni kwamba nembo huchukua alasiri nzima. Kila mwanafamilia aseme kwa maandishi atatoa kiasi gani kwa mwaka, kwa miaka mingapi, na nini kitatokea akipoteza kazi. Ahadi isiyo na kipengele hicho cha mwisho huzaa manung'uniko, kwa kuwa kaka mkubwa aliyeahidi milioni tano kwa mdomo mbele ya wazee hataki kusema mwaka unaofuata kwamba hana. Inafaa pia kukubaliana kwamba sauti katika maamuzi haitapimwa kwa ukubwa wa mchango. Mdogo aliyebaki kijijini, anayemuuguza mama na anayemjua kila mwalimu wa shule kwa jina, huwa hana shilingi ya kuchangia, lakini asipokuwa na kura, taasisi itaendeshwa kwa kumbukumbu za utotoni za watu ambao hurudi nyumbani Desemba tu.

Pale ambapo chanzo cha fedha ni mali ya marehemu, tahadhari inahitajika zaidi. Nyumba, shamba au akaunti ya mzazi aliyefariki si mali ya watoto wote kwa pamoja mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye alipe madeni, agawe kwa warithi na kufunga mirathi kwa kuwasilisha hesabu mahakamani. Taasisi iliyopewa nyumba kabla ya hapo imepewa kitu ambacho aliyekitoa hakuwa na mamlaka ya kukitoa. Mrithi mmoja aliyenyamaza kwenye kikao anaweza kuibuka miaka minne baadaye akidai fungu lake, wakati huo taasisi imeshaweka mlango mpya na kupangisha vyumba. Kwa familia za Kiislamu kuna mpaka mwingine: wasia, yaani maelekezo ya mali yatakayotekelezwa baada ya kifo, hauruhusiwi kuzidi theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi, kwa hiyo mzazi anayetaka sehemu kubwa ya mali yake iende kwenye hisani ni heri aiwekee wakfu angali hai na mzima.

Upande wa sheria, njia zilizozoeleka Tanzania Bara ni kusajili shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, kusajili bodi ya wadhamini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au kuunda kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huahidi kulipa kiasi kidogo tu iwapo kampuni itafilisika, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Mdhamini, katika lugha hii ya sheria, ni mtu anayeshika mali kwa jina lake au la bodi kwa manufaa ya watu wengine, na anayewajibika akiitumia kwa manufaa yake. Zamani familia zilichagua kati ya njia hizo kwa kuangalia ipi ina makaratasi machache, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliweka mipaka iliyo wazi zaidi, na vyombo vilivyokuwa vikifanya kazi za maendeleo ya jamii kwa sura ya kampuni au chama vilitakiwa kuhamia kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ambaye ofisi yake iko katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Kwa familia inayotaka kuhudumia kata moja au wilaya moja, usajili wa ngazi ya wilaya unatosha kabisa, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye wa kuanza naye; hamu ya kupata cheti cha ngazi ya taifa, kwa sababu tu jina litasomeka vizuri, huongeza gharama bila kuongeza chochote kijijini. Zanzibar ina sheria zake, na nchini Kenya wasomaji wazingatie kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990, kwa hiyo ushauri uliotolewa na wakili kabla ya hapo unahitaji kupitiwa upya.

Kabla ya kwenda kwa msajili, familia ijiulize kama inahitaji chombo kipya hata kidogo. Ikiwa jumla ya michango ni shilingi milioni nane kwa mwaka, na ukaguzi wa hesabu, ada za mwaka, taarifa kwa msajili na ritani za kodi zitakula milioni mbili, basi mtoto wa kumi wa familia, ambaye analishwa vizuri kuliko wote na hafanyi kazi yoyote, ni taasisi yenyewe. Katika hali hiyo makubaliano ya kifamilia yaliyoandikwa, pamoja na akaunti ya pamoja na uhusiano na parokia, msikiti au shirika ambalo tayari limesajiliwa wilayani, hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo.

Familia ikishaamua kuendelea, hati muhimu kuliko cheti ni katiba ya taasisi, ambayo kwa bahati mbaya hunakiliwa kutoka kwa shirika jingine kwa kubadilisha jina tu, mpaka mtu hukuta katiba ya taasisi ya Rombo ikitaja uvuvi wa dagaa. Katiba iseme bodi ina watu wangapi na wangapi kati yao si wa ukoo. Theluthi moja ya wajumbe kutoka nje, kwa mfano mwalimu mstaafu, muuguzi na mhasibu ambaye hana undugu na yeyote, huipa bodi watu wanaoweza kusema hapana bila kulazimika kukutana na matokeo yake kwenye harusi. Iseme pia nafasi ya wakwe na mashemeji, suala ambalo watu huona haya kulizungumza ilhali ndoa huvunjika na wajane huolewa tena. Mgongano wa maslahi, yaani hali ambayo mjumbe anatakiwa kuamua jambo linalomnufaisha yeye au mtu wake wa karibu, uandikiwe utaratibu unaotekelezeka: mjumbe atamke uhusiano wake, atoke nje ya kikao, na kutoka kwake kuandikwe kwenye muhtasari pamoja na saa.

Kipengele kinachosahaulika zaidi ni cha siasa. Familia inapoanza kugawa madawati, wenyeji hawaulizi madawati yametoka wapi. Huuliza nani katika familia hiyo anautaka ubunge, na swali hilo lina mantiki, kwa kuwa wamewaona wengi waliogawa na kisha wakachukua fomu. Diwani na mbunge waliopo nao husoma hali kwa namna hiyo hiyo, na kibali kilichokuwa kitoke kwa wiki moja huanza kuchukua miezi. Katiba inaweza kuamua kwamba mwanafamilia yeyote anayechukua fomu ya kugombea nafasi ya kisiasa anajiuzulu kwenye bodi siku hiyo hiyo, kwamba taasisi haitagawa kitu chochote katika kipindi cha kampeni, na kwamba vifaa havitabandikwa picha ya mtu aliye hai. Sharti hilo la picha litapingwa, hasa na yule ambaye picha yake ilikuwa ibandikwe, lakini kijijini husomwa haraka kuliko taarifa yoyote ya mwaka.

Baada ya hapo ndipo huja swali la kazi gani ifanywe, na hapa mvuto wa majengo ni mkubwa kupita kiasi. Jengo huzinduliwa, hukatiwa utepe na kubeba jiwe lenye jina la mzazi; mshahara wa muuguzi hauna jiwe. Zahanati iliyojengwa na familia bila makubaliano na halmashauri ya wilaya hubaki na milango iliyofungwa kwa kufuli, kwa sababu waganga na wauguzi huajiriwa na serikali, dawa huagizwa kutoka Bohari ya Dawa kwa kituo kilichosajiliwa, na usajili nao hutegemea nyumba za watumishi, choo, maji na kichomea taka ambavyo havikuwamo kwenye bajeti ya utepe. Taasisi ya Benjamin William Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijipatia jina kwa kushughulikia upande huo usioonekana, yaani kuajiri watumishi wa afya na kuwapeleka katika vituo vya pembezoni vilivyokuwa na kuta lakini havina watu. Mchezaji wa mpira wa kikapu Dikembe Mutombo, aliyeamua kujenga hospitali mjini Kinshasa kwa kumbukumbu ya mama yake, aliunda taasisi mwaka 1997 na hospitali ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Ikiwa mtu mwenye umaarufu na kipato cha namna hiyo alihitaji miaka kumi, familia ya watumishi na wafanyabiashara wa kawaida haina sababu ya kuahidi kituo cha afya ifikapo Krismasi ijayo.

Elimu nayo imebadilika kuliko kumbukumbu za wanaotoa. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 utaratibu huo ukaongezwa hadi kidato cha sita, kwa hiyo taasisi inayotangaza kulipa ada za shule za msingi za serikali inalipa kitu ambacho hakidaiwi. Kilichobaki kuwa kizito ni sare, madaftari, nauli, hosteli za wasichana wanaotembea mbali, na zaidi ya yote chakula cha mchana au uji, ambacho kwa shule za kutwa hutegemea michango ya wazazi. Uji unastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu unaonyesha jinsi msaada mdogo unavyokuwa mzito ukirudiwa kila siku. Shule yenye wanafunzi 400, ikimpa kila mmoja gramu 50 za unga, hutumia kilo 20 kwa siku. Kwa mwaka wa masomo wa siku 194 hizo ni kilo 3,880, yaani karibu gunia 39 za kilo 100, na bado haijatajwa sukari, mashine ya kusaga, kuni, sufuria kubwa mbili, chumba kisichoingia panya wala posho ya mpishi. Familia ikiamua kuleta mahindi yote, wazazi waliokuwa wakichangia debe moja moja wataacha, na mwaka taasisi itakapoyumba watoto watakuwa na njaa kuliko awali. Ikiamua kuleta yale ambayo wazazi hawawezi kuyaleta, kama ghala lenye sakafu ya saruji, jiko sanifu linalopunguza kuni na posho ya mpishi, huku debe likibaki jukumu la kila kaya na orodha yake ikisomwa kwenye mkutano wa wazazi, mpango huo unaweza kuvuka mwaka mbaya. Kanuni inayoonekana hapa inafaa kwa mambo mengi mengine: taasisi ibebe kile ambacho hakigawanyiki kwa kaya, na kaya zibebe kile zinachokiweza.

Maji yana sheria zake. Kisima kirefu hakichimbwi kwa idhini ya mwenye shamba pekee. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika, na tangu 2019 huduma ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ikishirikiana na vyombo vya watumiaji maji vya jamii ambavyo hukusanya ankara za ndoo. Pampu ya familia inayotoa maji bure karibu na mradi wa jamii unaouza ndoo kwa bei ndogo huua mradi wa jamii ndani ya msimu mmoja, na pampu yenyewe ikiharibika hakuna mfuko wa kuitengeneza. Ni jambo la busara kwa taasisi kuchimba kisha kukabidhi, na kubakiza kwake ahadi moja tu iliyoandikwa, kwa mfano kununua pampu mpya ile ya kwanza itakapochakaa.

Yote haya hupita kwa wenyeji, na kijiji cha Tanzania kina vikao vinavyotambuliwa na sheria ambavyo familia hazipaswi kuviruka kwa kuwa baba yao alikuwa mzee maarufu. Halmashauri ya kijiji ni chombo cha utendaji chenye wajumbe 15 hadi 25; mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya mwisho, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kwa sababu hiyo barua yenye mhuri wa mwenyekiti, ambayo familia huiona kuwa imemaliza kila kitu, haitoshi. Kinachotakiwa ni muhtasari wa mkutano mkuu wenye mahudhurio yaliyosainiwa. Njia iliyo salama ni kujenga juu ya ardhi ambayo tayari ni ya shule, ya zahanati au ya kijiji, na kukubali tangu mwanzo kwamba jengo ni mali ya umma. Ndugu aliyechukua uraia wa nchi nyingine asiandikishwe kuwa mmiliki wa ardhi, kwa kuwa sheria ya Tanzania huwekea mipaka haki ya asiye raia kushika ardhi, na haki hiyo hutolewa kwa utaratibu maalumu.

Ikiwa taasisi inatoa ufadhili wa masomo, uchaguzi wa wanafunzi ndio mahali ambapo itapendwa au itachukiwa. Orodha ya kwanza hufika kutoka kijijini ikiwa na majina kumi, na mtu anayejua koo za hapo akiisoma hugundua kwamba sita ni wajukuu wa babu mmoja, ambaye ni kaka wa mwanzilishi. Hakuna aliyeiba, aliyeandika orodha aliwaandika watoto anaowajua. Dawa yake ni kutenganisha mifuko miwili waziwazi: mfuko wa ukoo, unaochangiwa kando na kuwasomesha watoto wa ndugu bila aibu yoyote, na mfuko wa taasisi, ambao watoto wa ukoo hawaruhusiwi kuuomba hata wakiwa maskini kuliko wote. Bila mfuko wa kwanza sharti la pili halitadumu, kwa kuwa shangazi aliyemlea mwenyekiti wa bodi ana haki ya kimila ambayo hakuna katiba iliyoweza kuifuta. Kwa mfuko wa pili, vigezo vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na wa shule, kamati ya uteuzi iwe na mwalimu kutoka kata nyingine, na majina ya waliokosa yatunzwe pamoja na sababu, maana mzazi atakayefika kuuliza anastahili jibu lililoandikwa.

Fedha za kudumu zinahitaji maelezo kidogo. Mfuko wa kudumu ni mtaji unaowekezwa bila kuguswa, ili matumizi yatoke kwenye mapato yake, kama ilivyo kwa wakfu. Nchini Tanzania familia ya kawaida inaweza kuuweka katika hati fungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huichukua kwa wananchi kupitia Benki Kuu na kuilipia riba mara mbili kwa mwaka, au katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba taasisi ina milioni 50 katika hati fungani yenye riba ya asilimia 12. Mapato ni milioni 6 kwa mwaka, lakini si zote za kutumia, kwa kuwa bei za vitu hupanda, na ikiwa mfumuko wa bei ni asilimia 4, milioni 2 zinapaswa kurudishwa kwenye mtaji ili usipungue thamani. Zinabaki milioni 4, na kiasi hicho ndicho familia inachoweza kuahidi. Kiasi hicho kinatosha posho ya mpishi na matengenezo ya ghala, au wanafunzi wachache wa chuo cha ufundi, na kukijua mapema huokoa aibu ya kuanza na wanafunzi 20 kisha kuwaacha 15 njiani.

Kuhusu kodi, imani iliyoenea kwamba cheti cha usajili kinaisamehe taasisi kodi si sahihi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, katika kifungu cha 64, inazitambua taasisi za hisani zenye malengo kama kuondoa umaskini wa umma, kuendeleza elimu, afya na maji, lakini hadhi hiyo hutolewa na Kamishna wa Mamlaka ya Mapato (TRA) baada ya maombi, na taasisi bado hubaki na wajibu wa kuwa na namba ya mlipakodi, kuwasilisha ritani, na kukata kodi katika mishahara na baadhi ya malipo. Ndugu walioko Marekani na Uingereza nao wafahamu kwamba mchango unaotumwa moja kwa moja kwa taasisi ya Tanzania kwa kawaida hauwapi nafuu ya kodi huko waliko, kwa kuwa nafuu hiyo hutolewa kwa taasisi zinazotambuliwa na nchi hizo.

Utunzaji wa fedha hauna siri kubwa, ila nidhamu. Michango isipitie kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu namna gani, kwa kuwa siku simu hiyo inapolipia dharura ya nyumbani, fedha za taasisi na za mwenye simu huchanganyika na hakuna atakayeweza kuzitenganisha. Akaunti ya benki au lipa namba yenye jina la taasisi, na watia saini watatu ambao wawili lazima wasaini, ndivyo vya kuanza navyo. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zilianza kuyataka mashirika yaweke wazi fedha zinazozidi shilingi milioni 20 na kuwasilisha mikataba yake ya ufadhili, kwa hiyo mchango mmoja mkubwa kutoka Muscat au Houston una taratibu zake za kufuatwa. Mpwa asiye na kazi asiajiriwe kuwa mratibu kwa sababu hana kazi. Ikiwa ana sifa, aombe pamoja na wengine, ahojiwe na wajumbe wasio wa ukoo, na apewe mkataba wa mwaka mmoja wenye majukumu yanayopimika, kwa kuwa kumwachisha kazi ndugu ambaye hakuwahi kuambiwa alitakiwa kufanya nini ni ugomvi wa vizazi viwili.

Linabaki suala ambalo waanzilishi hulikwepa, nalo ni mwisho wa taasisi. Watoto wa waanzilishi, waliozaliwa Dar es Salaam, Mombasa au Minneapolis, mara nyingi hawaijui lugha ya kijiji hicho na hawana deni la moyoni kwake, na si haki kuwaachia kazi ambayo hawakuichagua. Familia inaweza kuandika katika katiba kwamba taasisi itafanya kazi kwa miaka 15, kwamba katika mwaka wa 12 bodi itaamua kwa theluthi mbili ya kura kama iongezewe muda, na kwamba ikifungwa, mali itakayobaki baada ya kulipa madeni itakwenda kwa shule, kituo cha afya au taasisi nyingine ya hisani iliyotajwa kwa jina, kwa kuwa fedha zilizotolewa kwa hisani hazirudi kwa waanzilishi wala kwa warithi wao. Kipengele hicho kisainiwe na kila mwanzilishi pamoja na mwenzi wake wa ndoa, na nakala moja ya katiba ikabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji, ihifadhiwe kwenye jalada lenye mihtasari ya mkutano mkuu ulioipokea taasisi.